Jiko Lisilo na Masizi

Kazi yangu ilikuwa kukagua vitu ambavyo watu hujenga baada ya kumaliza nyumba, au kabla hawajaianza: jiko la nje, choo, banda la kuku, stoo, kibanda cha kijana, kivuli cha kupumzikia. Nyumba yenyewe walikuja kuipima wengine, wenye mashati ya mikono mirefu. Mimi nilipelekwa uani. Anayepokelewa mlango wa mbele huona kiti kizuri na kalenda ya kanisa. Anayeingia kwa nyuma huona jinsi watu wanavyoishi. Nawaandikia nyinyi mliobaki kazini kwa sababu siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza lolote kuhusu kazi.

Nilianzia kwetu Kenya, katika mji mdogo wa kando ya ziwa. Siku ya kwanza mkubwa wangu alinituma nikakague choo cha mtu fulani, akaniambia niwe mkali. Nilikuwa mkali kweli. Jioni ndipo niliposikia kwamba mwenye choo na mkubwa wangu walikuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu ujana wao. Kuanzia hapo, kabla sijatoa tepi yangu mfukoni nilikuwa nauliza: nani amelalamika, na ana nini na mwenzake? Fitina nyingi huja ofisini zimevaa nguo za sheria. Hilo chuoni hamkufundishwa, kwa hiyo lichukueni bure.

Juba nilikwenda miaka ile ya mkataba wa amani, wakati watu walipokuwa wakirudi kutoka kila upande: Khartoum, Uganda, Kongo, kwetu Kenya. Mahali palipokuwa kichaka mwezi huu, mwezi ujao ungekuta uzio wa mianzi na mama anauza chai. Wakenya tulikuwa wengi, kwenye mabenki, mahoteli na mashule. Mimi nilichukuliwa kwa mkataba na ofisi moja iliyoshughulika na viwanja vya makazi. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha, na mchana ungeweza kuoka mkate humo ndani.

Humo nilimkuta Ustaz Lino. Alikuwa mwalimu zamani, ndiyo maana ya kuitwa Ustaz, na vita vyote vilimkuta na kumwacha mjini Juba bila kukimbilia popote. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache. Siku ya kwanza aliangalia vifaa vyangu, tepi, timazi, pima maji, uzi wa waashi, akavisifu kimoja kimoja kama mtu anayesifu watoto wa mgeni. Kisha akaniambia, akiniita kwa jina la nchi yangu, kwa Kiswahili alichokiokota kwa wafanyabiashara wa Uganda:

“Ya Kenya, hii vitu yote mzuri. Lakini wewe kwanza nakaa chini, nakunywa chai. Hapa mutu akiona mutu anapima shamba yake, anafikiri vita imerudi.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikajifunza kunywa chai kabla ya kupima, na ninaamini nimekunywa chai nyingi ya Juba kuliko maji. Nilijifunza pia kwamba mtu asiye na mengi atatuma kwa jirani kuazima kikombe ili mkaguzi asinywe kwa kopo, na kwamba kikombe hicho hukikatai hata kama tumbo limejaa.

Sheria zenyewe hazikuwa ngumu. Jengo la uani lisizidi nyumba kubwa kwa kimo, wala lisikae mbele yake. Lisiguse uzio, ili moto wa huku usiruke kule. Mji ule ulikuwa wa nyasi na mianzi, na wakati wa kiangazi cheche moja ilitosha kula mtaa. Choo kikae mbali na jiko, na mbali na kisima cha mtu yeyote, hata cha jirani usiyemsalimia. Ukanda wa mbele ni wa barabara, hata kama barabara yenyewe kwa sasa ni mbuzi na vichaka. Na maiti wasizikwe ndani ya kiwanja cha mjini, makaburi yapo.

Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote. Vijijini kwao, kama kwetu, mtu huzikwa nyumbani, karibu na watu wake. Sasa unamkuta mtu aliyehangaika ukimbizini miaka nenda miaka rudi, ndiyo kwanza amepata kiwanja, na wewe unamwambia kwamba hapa ni kwako, ila ukifa si kwako. Wengine walinisikiliza kwa adabu, wakaniitikia, wakanywa chai yao kimya. Nilijua hawakukubali.

Kesi za kuchekesha zilikuwapo. Kulikuwa na bwana mmoja upande wa Bilpam aliyejenga banda la kuku lenye madirisha ya vioo na mlango wa kufuli. Nilipomwuliza kuku wake wanasoma darasa gani humo ndani, mlango ukafunguka, akatoka mwanamume amevaa taulo, anapiga mswaki. Tulimpa yule bwana muda wa kuwahamisha kuku wake. Mpaka Ustaz Lino anastaafu, mtu akipitisha jambo la uongo mbele yake alikuwa akiuliza kama linapiga mswaki.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya kuku. Nimeketi kwa ajili ya Mama Rebeka wa mtaa wa Gudele, na mwanawe, na pembe moja ya kiwanja. Nimeibeba kesi ile moyoni muda mrefu, na nikiwa na saa yangu ya ukutani na nyumba iliyonyamaza, inanijia zaidi kuliko zamani.

Kijana alikuja kontenani asubuhi moja, shati limepigwa pasi, akanisalimia kwa Kiswahili cha Nairobi hadi nikapata kiu ya kwetu. Jina lake Ladu. Katika vita, akiwa na miaka kama mitano, alipoteana na mama yake kijiji kilipokimbia. Watu wengine wakamchukua, wakatembea naye, hadi akafika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya. Akalelewa huko, akasoma huko, akamalizia Nairobi. Amani ilipokuja, watu wa kanisa wakawa wanapelekeana majina ya waliopoteana, na mwaka uliotangulia jina lake likakutana na la mama yake. Sasa alikuwa karani wa hoteli mjini Juba, akilala kwa zamu na vijana wenzake katika chumba cha kupanga.

“Mzee, mimi nataka tu kujenga kachumba kwa ploti ya mathe,” alisema. “Kamoja, na kaveranda mbele. Manake siwezi lala kwa nyumba yake, unajua. Mimi ni mtu mzima.”

Nilijua. Kwetu pia kijana aliyekwisha kupata ndevu halali chini ya paa la mama yake. Hujengewa kibanda chake uani, na asipokuwa nacho huyo ni mgeni kwao. Nilimwuliza mbona ana haraka. Akaniambia hoteli ina tawi Nairobi na wanamtaka huko, na anatakiwa ajibu kabla mvua hazijaanza.

“Nikijenga, nabaki,” alisema. “Nisipojenga, narudi. Siwezi kuwa mtu wa kuvisit mamangu Jumapili kama mgonjwa wa hospitali.”

Tukapanda boda boda, yeye moja na mimi nyingine, tukaenda Gudele. Mama Rebeka alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa, anayesaga karanga na kuuza siagi yake mlangoni. Aliniwekea kiti cha plastiki kivulini, akaniletea chai, akaniita muhandis. Mhandisi sijawahi kuwa, lakini Juba ukiwa na tepi ya chuma umeshahitimu.

Nilipokuwa nakunywa niligundua jambo. Mama na mwana walikuwa wanazungumza Kiswahili. Mama alikuwa Mbari, kabila la wenyeji wa Juba, akajifunza Kiswahili sokoni Uganda alipokuwa mkimbizi. Kijana, Kibari kilikuwa kimemtoka njiani utotoni, na Kiarabu cha Juba alikuwa bado anakigugumia. Mama hakujua Kiingereza. Basi wakabaki na lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya, kila mmoja anaivunja kwa upande wake. Walikuwa wakisemezana taratibu sana, kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye foleni.

Chai ilipokwisha nikapima. Kiwanja kilikuwa chembamba. Mbele ulikuwa ukanda wa barabara, na greda lilikuwa limeshapita mtaa wa pili likielekea huko. Upande wa magharibi palipita mtaro ambao mvua ikinyesha hugeuka mto. Pembe ya nyuma magharibi palikuwa na choo kipya, na jirani wa nyuma alikuwa na kisima, kwa hiyo choo kisingeweza kusogea popote. Katikati ilikuwa nyumba ya mama, ya udongo na nyasi, nadhifu. Palipobaki ni pembe ya mashariki tu, na hapo palikuwa na jiko: nguzo nne, ukuta wa udongo wa kimo cha kiuno, na paa la bati.

“Hiyo jiko tunabomoa,” Ladu alisema. “Haitumiki. Si ndiyo, mathe?”

“Mimi natumia,” mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye karanga.

Nikaingia kulitazama. Nimeingia majiko mengi, ya matajiri na ya maskini, na nawaambia hakuna jiko linaloweza kudanganya. Hili mabati yake yalikuwa yanang’aa kwa ndani. Nguzo hazikuwa na masizi hata kidogo. Hapakuwa na mafiga, wala kuni, wala majivu. Sakafu ilikuwa ya saruji, imeinuliwa kidogo, ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili, na ilikuwa imefagiwa vizuri kuliko ndani ya nyumba. Chakula cha mchana kilikuwa kinachemka mbele ya nyumba, juu ya jiko la makaa.

Nilipotoka nilimkuta Mama Rebeka amesimama. Akampa Ladu noti, akamwambia akamletee muhandis soda dukani. Kijana akaenda. Mimi, kwa mazoea tu, nikatoa kigingi nikipige kwenye pembe ili nivute uzi. Mama akanishika mkono. Alikuwa na nguvu.

“Hapo hapana piga.”

“Mama, kuna nani hapa?” nilimwuliza.

Akageuka akatazama njia aliyoiendea kijana. “Ni huyu,” alisema. “Ile inakwenda dukani.”

Akanieleza upesi, huku akichungulia uzioni. Uganda alimtafuta mtoto kila kambi, kila lori la wakimbizi, kila mtu aliyepita. Mwishowe mtu mmoja wa kijijini kwao akamwambia alimwona mtoto kando ya mto, amelala, hapumui. Ama alimwona mtoto mwingine, ama alisema tu ili mama apumzike, hajui. Hakumzika huko, kwa sababu ardhi ile haikuwa yake. Akangoja. Amani ilipokuja na akapata kiwanja cha Gudele, kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya nyumba, kabla ya choo, alimwita shemeji yake na mzee mmoja wa kanisa, wakachimba pembe ya mashariki, wakaweka shati la mtoto alilokuwa amelibeba miaka yote ile. Wakasali. Yeye akalia siku zinazostahili, kisha akanyamaza. Na kwa kuwa alisikia kwamba serikali haitaki makaburi viwanjani, akaweka nguzo na bati juu, akasema ni jiko.

“Ile mwaka ingine,” alisema, “watu ya kanisa nakuja hapa, nasema Rebeka, mtoto yako iko Nairobi. Anavaa tai.”

Sijui kama ni desturi ya Wabari wote. Nilipomwuliza Ustaz Lino baadaye alisema kila ukoo una yake. Lakini mimi sikuhitaji kuelezwa. Kaka yangu alizama ziwani nikiwa mdogo na hatukumpata, na wazee wakachukua tunda la mwegea, lile refu na zito, wakalifunga nguo, wakalizika mahali pake. Nilimwona mama yangu akililia tunda. Tofauti ni kwamba kaka yangu hakurudi, kwa hiyo hatukuwahi kujua mtu akirudi inakuwaje.

“Mama, kwa nini hujamwambia?”

Alichungulia uzioni tena. “Yeye atasema, mama yangu alichoka kutafuta mimi.”

Kisha akasema kile ambacho alimtuma mwanawe dukani ili apate kukisema. “Wewe ni serikali. Sema sheria nakataa. Yeye nasikia wewe.”

“Nikikataa ataenda Nairobi.”

“Mimi najua.”

Ladu akarudi na soda za moto, akauliza kama kuna shida. Nikamwambia kuna vipimo lazima nivizungumze ofisini. Soda ile niliimeza kama dawa.

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi. Ningeweza kusema uzio uko karibu mno, au paa la jirani, na kijana yule angekubali, kwa sababu wale waliolelewa kambini wameshazoea kukataliwa na mtu mwenye tepi. Niliporudi kontenani nikamweleza Ustaz Lino yote. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya meza. Kwa kawaida aliivua kanisani tu.

“Kisheria kuna nini pale?” nilimwuliza. “Maiti hakuna. Ni shati. Hakuna sheria inayokataza kuzika shati.”

“Asma, sikia, ya Kenya,” alisema. “Sheria inaweza kukatalia mutu nyumba. Haiwezi kuambia mutu alizikwa. Hiyo ni kazi ya mama.”

Nikamtumia Mama Rebeka ujumbe kwa mwuza maji aliyepita kwao na mkokoteni, kwamba nitakuja Jumamosi na nitamngoja yeye aseme kwanza. Nikadhani nimempa muda. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa napanga uchungu wake kwa siku za juma.

Jumamosi nilifika nikakuta mabati mapya yameegemea uzio, bado yana karatasi za duka la soko la Konyo Konyo. Ladu alikuwa amepanda juu ya lile jiko, amevua shati, ana nyundo. Alikuwa na furaha.

“Mzee, nimeona nianze,” aliniita kutoka juu. “Nikupunguzie kazi.”

Alikuwa ameshang’oa bati moja. Jua lilikuwa limeingia ndani kutoka juu kwa mara ya kwanza, likaiangukia ile sakafu ya saruji. Mama Rebeka akatoka nyumbani, hana viatu, ana unga wa karanga hadi viwikoni. Hakupiga kelele. Alipita chini ya mwanawe, akaingia, akaketi juu ya saruji katikati ya mwanga.

“Mathe, toka hapo, kitu itakuangukia.”

Hakutoka.

“Mathe?”

Akaniangalia mimi. Mimi nikatazama chini, maana ahadi yangu ilikuwa kungoja. Naye akasema.

Alisema yote, kwa Kiswahili kile cha sokoni ambacho hakikutengenezwa kwa mambo kama yale, na alipokosa neno akaweka la Kibari, na Ladu hakulijua, na mama akatafuta lingine. Kambi. Malori. Mtu wa kijijini na mtoto wa kando ya mto. Shati. Kijana aliteremka polepole, akasimama nje ya ule ukuta wa kimo cha kiuno, ameshika nyundo kama amesahau ni ya nini. Majirani wawili waliokuwa wamesogea uzioni wakaondoka wenyewe.

“Kwa hivyo hapa ni mimi,” Ladu alisema.

“Ndiyo.”

“Lakini mathe, si niko hapa? Si nilirudi? Hiyo kitu tunafukua, tunachoma, inaisha. Mimi ndiye huyu.”

Mama yake alimtazama usoni. Nimewahi kuona watu wakilia sana katika kazi hii, nyumba zao zikianguka mbele yao. Yeye hakulia, na ilikuwa mbaya zaidi.

“Wewe iko hapa, mimi naona,” alisema. “Wewe mtoto mzuri. Wewe naleta sukari, nanunua dawa. Mimi nashukuru Mungu kwa wewe. Lakini ile kidogo, ile nalala na mkono kwa shingo yangu, ile haikurudi. Kila siku mimi natafuta yeye kwa uso yako. Mimi hapana ona.”

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na tepi yangu. Nilidhani Ladu atatupa nyundo aondoke, na nisingemlaumu. Badala yake aliruka ule ukuta, akaketi kwenye saruji upande wa pili, magoti yake marefu yakiwa karibu na kidevu.

“Alikuwa anapenda nini?” aliuliza.

“Nani?”

“Huyo mdogo. Mimi sikumbuki kitu, mathe. Hata kidogo. Nikijaribu naona tu vumbi na miguu ya watu. Niambie.”

Basi akamwambia. Kwamba alikuwa anaogopa mbuzi lakini haogopi ng’ombe. Kwamba alikuwa anaiba karanga mbichi na kuzificha mashavuni, halafu anakataa huku mashavu yamevimba. Kwamba alikuwa na wimbo mmoja tu, na akauimba kwa Kibari, sauti ndogo iliyokwaruza, na Ladu akasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza habari za ndugu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Hakuujua. Nilimwona akijitahidi, macho ameyafumba, midomo inamfuata mama yake nyuma kwa neno zima, na hakuujua. Hapo ndipo mimi nilipolia, na siwaombi radhi.

Wimbo ulipokwisha aliinuka. Akapanda tena juu na lile bati alilokuwa amelitoa, akaligongomea mahali pake. Alipiga misumari mingi kuliko iliyohitajika. Mama alibaki amekaa chini, kivuli kikimrudia. Kisha Ladu akashuka, akavaa shati, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akanijia.

“Mzee, ile ombi yangu.”

“Tunaweza kutafuta njia,” nilisema. “Nipe muda.”

“Hapana, ni sawa. Si lazima waandike kwa nini imekataliwa?”

“Lazima.”

“Basi andika hapo kuna mtu.”

Nikatoa kalamu nikaandika hivyo hivyo, kuna mtu, wala sikuongeza neno. Mama Rebeka alikuwa ametoka, amesimama nyuma yetu. Alikuwa ameelewa. Aliniuliza mimi, si mwanawe, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa, huku akimwonyesha kwa kidevu kijana aliyekuwa anayakusanya mabati yake.

“Muhandis. Na huyu sasa atalala wapi?”

Niligeuka nikakitazama kiwanja chote tena: barabara, mtaro, choo, nyumba, jiko. Nilikuwa nimekipima mwenyewe, na sikuwa na mahali pa kumwonyesha.